Samaki wa Vidimbwi: Wasomaji Wauliza, Tunajibu

Barua za mwezi huu karibu zote zimemhusu samaki mmoja: notho, yule kilifishi wa vidimbwi vya mvua anayeanguliwa maji yakijaa na kufa maji yakikauka, mayai yake yakibaki ndani ya tope. Jina lake la kitaalamu ni Nothobranchius. Na kwa waliouliza, kilifishi si samaki wa Kilifi. "Kil" ni Kiholanzi, maana yake kijito.

Nina dume mmoja na majike watatu wa Nothobranchius guentheri katika tangi la lita 20. Kutwa dume anawabana majike mchangani, lakini huu mwezi wa pili sijaona kifaranga hata kimoja. Wenzangu wanaofuga gapi wanapata watoto kila mwezi. Nakosea wapi? — Msomaji, Fuoni, Unguja

Samaki wako hawana kosa. Mayai yanasubiri kiangazi ambacho hujayapa. Guentheri ni mwenyeji wa kisiwa chenu, na yai lake, lenye upana wa milimita 1 hivi, limeumbwa likae kwenye tope lenye unyevu na hewa. Ndani yake kiinitete kinaweza kusimama kukua mara tatu: mwanzoni, chembe zikiwa bado zimetawanyika bila umbo, katikati, kichwa na uti vikiwa vimeshajipanga na moyo unapiga polepole, na mwishoni, kifaranga kikiwa kimekamilika, kinangoja maji tu. Yai likiachwa chini ya maji husinzia kwenye kituo kimojawapo cha mwanzo, au huota ukungu, au huliwa na mama yake mwenyewe.

Ondoa mchanga wote, tangi libaki tupu chini. Chukua kopo la aisikirimu la lita 1, toboa mfuniko tundu la sentimita 5, weka ndani unga wa makumbi ya nazi kina cha sentimita 3 au 4, na jiwe dogo safi ili kopo lisielee. Samaki watalizoea ndani ya siku moja na kutagia humo. Tundu liwe dogo, kwa sababu dume akimkumbatia jike kwa pezi la mgongoni hutikisa mkia, na unga hurushwa kama pumba kwenye ungo.

Hapa watu wa Pwani wana mtego wao. Makumbi mengi ya kwenu yamefukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba, kwa hiyo yamejaa chumvi. Chemsha saa 1, mwaga maji, chemsha tena, kisha loweka kwenye ndoo siku 2 au 3 ukibadili maji, hadi yawe na rangi ya chai nyepesi na ukionja usisikie chumvi.

Kopo likikaa wiki 1 hadi 2, litoe na uweke jingine. Unga wake umwage kwenye kitambaa cha kuchujia tui, ukamue kwa mkono mwepesi, uutandaze juu ya gazeti kivulini usiku kucha. Gazeti likilowa, badilisha. Unataka unga ufanane na machicha yaliyokwisha kutolewa tui la mwisho: ukiminya konzi halitoki tone, lakini kiganja kinasikia ubaridi. Wengi huharibu kazi hapa. Unga ukibaki chepechepe, hewa haipiti na mayai yanaoza. Ukikauka mno, yai hubonyea upande mmoja kama mpira ulioishiwa upepo. Ukiliona limebonyea, nyunyiza maji kidogo, changanya, funga tena.

Weka unga kwenye mfuko wa plastiki wenye nafasi ya hewa, uuhifadhi mbali na jua. Baada ya wiki ngapi? Kwa joto la nyuzi 24 au 25, guentheri huchukua kama wiki 12. Lakini chumba cha Unguja wakati wa kaskazi hufika 29 au 30, na kwa joto hilo viinitete vingi huruka kile kituo cha katikati, vikawa tayari mapema zaidi. Kwa hiyo usiloweshe kwa kufuata kalenda. Kuanzia wiki ya 5 fungua mfuko kila Ijumaa, toa mayai 10, yatazame kwa lenzi ya mkononi inayokuza mara 10. Yai zima linang'aa kama tone la maji. Lililokufa ni jeupe kama punje ya mchele, litupe. Ukiona macho mawili meusi yenye pete ya dhahabu, na kifaranga kimejikunja kulizunguka yai lote, hicho kiko tayari. Mayai 7 au 8 kati ya 10 yakiwa hivyo, lowesha.

Mwaga unga kwenye beseni na utie maji ya nyuzi 18 hadi 20, kina cha sentimita 5. Maji ya bomba kwenu hayafiki baridi hiyo, kwa hiyo weka chupa kwenye friji usiku uliotangulia, maji yakiwa yamekwisha kukaa wazi saa 24 ili klorini itoke. Vifaranga vya kwanza huogelea ndani ya saa 1 au 2, vya mwisho kesho yake. Walishe atemia (vijidudu jamii ya kamba wa maji ya chumvi) waliototolewa siku hiyo hiyo, mara 2 au 3 kwa siku, na badili theluthi ya maji kila siku, maana atemia waliokufa huoza haraka na ndio wanaoua vifaranga vingi kuliko njaa. Konokono wadogo wawili watatu watasaidia kula mabaki. Wiki ya 4 madume wataanza kuvaa rangi.

Usitupe unga. Baada ya siku 2 uchuje, ukaushe kama mwanzo, uurudishe mfukoni wiki 3 au 4, kisha ulowe tena. Mayai ya mama mmoja hayaanguliwi yote kwa mara moja, na kuna sababu: mvua za kwanza za vuli zinaweza kunyesha siku tatu zikakatika. Kama mayai yote yangeanguliwa siku hizo, ukoo mzima ungekauka na kidimbwi.

Nilipewa na mfugaji mwenzangu mfuko wa mayai ya Nothobranchius rachovii. Lebo ilisema miezi 5. Niliuweka kwenye kabati la ukumbini, ambako baridi hushuka hadi nyuzi 17. Siku ilipofika nililowesha kwa maji ya nyuzi 26, kina cha sentimita 15. Vimetoka vifaranga 11, na 8 vinaburuta tumbo chini. Vinatibika? — Msomaji, Leicester, Uingereza

Havitibiki, pole. Kibofu chao cha hewa hakikujaa. Vipe siku 3. Ambacho hakijapanda hadi hapo hakitapanda, na kukiacha kikiteseka hakuna faida.

Tatizo lilianzia kabatini. Miezi 5 ya rachovii, samaki wa eneo la Beira huko Msumbiji, inahesabiwa kwa joto la nyuzi 24 au 25. Kwa nyuzi 17 kiinitete hutambaa, kwa hiyo mfuko wako ulikuwa na miezi 5 ya ukutani, si ya yai. Umelowesha mapema, na waliotoka ni wale waliotangulia, bado dhaifu. (Kuchelewa sana nako huleta buruta-tumbo: kifaranga kilicho tayari hula kiini chake kikisubiri, na siku maji yanapokuja hakina nguvu ya kupanda.) Kina cha sentimita 15 kimeongeza shida. Kifaranga kichanga kinahitaji kuufikia uso wa maji kwa urahisi.

Habari njema ni kwamba mayai mengi huenda bado yamo humo. Kausha unga, uweke mahali pa nyuzi 25, juu ya friji kwa mfano, na baada ya wiki 4 anza kutafuta macho kwa lenzi. Ukilowesha tena, tumia maji ya nyuzi 18 na kina cha sentimita 4 au 5, na dondosha chembe ya chakula cha unga ndani yake: kikioza kidogo hupunguza oksijeni, na upungufu huo ndio unaokishtua kifaranga kuvunja ganda. Rachovii huanguliwa wadogo kuliko guentheri, wengine hawawezi kumeza atemia siku za kwanza. Andaa vijidudu vya maji mapema: kipande cha ganda la ndizi kwenye chupa ya maji ya tangi, dirishani, siku 4 au 5.

Mayai ya atemia ni ghali na huku hayapatikani. Kuna mbadala? — Msomaji, Kigoma

Upo, minyoo midogo ya uji. Pika uji mzito wa shayiri, uache upoe, weka kina cha sentimita 1 kwenye kopo, nyunyiza chembe za hamira, kisha tia kijiko cha mbegu ya minyoo kutoka kwa mfugaji mwingine. Toboa mfuniko. Siku ya 4 au 5 minyoo hupanda kuta za kopo. Ifute kwa kidole, isuuze kidoleni ndani ya tangi. Anzisha kopo jipya kila wiki 2, kabla la zamani halijanuka. Udhaifu wake ni kwamba huzama, na vifaranga hukua polepole kuliko kwa atemia. Kuanzia wiki ya 3 wape viluwiluwi wadogo wa mbu, lakini wale tu watakaoliwa wote ndani ya dakika chache. Kufuga notho kusiwe kufuga malaria.

Ukipata atemia siku moja: gramu 30 za chumvi kwa lita 1 ya maji, nyuzi 26 hadi 28, hewa ya pampu muda wote, na mwanga. Wanatoka kwa saa 24. Wasuuze kwa maji baridi kabla ya kuwalisha.

Notho wangu wamefunga mapezi na wanajikuna kwenye chujio. Wawili wamekufa kwa siku tatu. Sioni madoa meupe. — Msomaji, Tanga

Usiku zima taa, mulika tochi kutoka ubavuni. Ukiona kama vumbi la dhahabu limenyunyizwa mgongoni, huyo ni kimelea Piscinoodinium, na ndiye adui namba moja wa notho. Kwa kuwa hujilisha pia kwa mwanga kama mmea, funika tangi kwa khanga nzito siku 10. Ongeza chumvi ya mawe hadi gramu 3 kwa kila lita, yaani vijiko 5 vya chai vilivyosawazishwa kwa lita 10, ukiiyeyusha kwanza na kuigawa mara tatu ndani ya saa 24. Mimea itadhoofika, itoe. Wavu wa tangi hilo usiingie tangi jingine.

Baada ya kupona, bakiza gramu 1 kwa lita siku zote. Notho hawaoni shida, kimelea ndicho kinachoona.

Dume wangu wa miezi 11 amekonda, mgongo umepinda, rangi imefifia. Nimempa dawa ya minyoo bila mafanikio. — Msomaji, Thika

Ni uzee. Acha dawa. Notho wa tangini hufikisha mwaka mmoja hivi, pungufu ukimweka kwenye joto la 28 na kumlisha sana. Nothobranchius furzeri anaweza kupevuka ndani ya wiki 2 tu baada ya kuanguliwa, ndiyo maana maabara za utafiti wa uzee humfuga. Kama una mayai yake mfukoni, huna hasara.

Karibu na shamba letu kuna kidimbwi kinachokauka kila mwaka. Naweza kuchukua udongo wake nikaulowesha? Na nikipata aina mbili, niziweke pamoja? — Msomaji, Rufiji

Kwanza muulize ofisa uvuvi wa wilaya kuhusu kibali, hasa ukikusudia kumpelekea mtu nje ya nchi. Kisha tazama udongo. Mayai huhimili ukavu kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka nyufa kiangazi. Kwenye mchanga mtupu hupoteza unyevu wakafa. Chukua kiasi cha ndoo ndogo moja kutoka sehemu ya chini kabisa ya bonde, tabaka la juu la sentimita 5 hivi, na uache kingine chote kilipo. Lowesha kwa maji ya mvua, kina cha sentimita 10.

Rufiji huenda ukapata aina tatu kwa mara moja: eggersi, janpapi na melanospilus hukaa kidimbwi kimoja. Porini majike hujuana na madume wao. Tangini, ambako jike hana pa kukimbilia, wanachanganyika, na baadhi ya majike wa kijivu hawatofautiki kirahisi kwa macho yetu. Watenge mara madume watakapoanza kuonyesha rangi, na jike unayemtilia shaka usimzalishe. Hata aina moja kutoka vidimbwi viwili tofauti usiichanganye. Wala usirudishe samaki wa tangini kidimbwini, maana utapeleka magonjwa.

Kila mfuko wa mayai uwe na karatasi ndani: jina la samaki, kijiji na kidimbwi, tarehe ya kukausha, joto la chumba. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu hufutika kwa unyevu wa mfukoni, na mayai yasiyojulikana yametoka wapi wafugaji makini hawayapokei.