Uanachama wa vijana wa Film Society ya New York, ukiwa Mtwara
Umeuliza kama ulipie New Wave, uanachama wa vijana wa Film Society, taasisi ya filamu ya New York, wakati uko hapa Mtwara. Hapana ndugu, usilipe, huo uanachama unawafaa vijana wanaokaa huko huko New York, wale wa miaka ishirini na kitu mpaka thelathini na kitu, na faida yake kubwa ni punguzo la tiketi za kuingia kumbi zao za sinema pale Lincoln Center, kituo cha sanaa cha huko, na kuwahi tiketi za tamasha lao la filamu linaloanza mwisho wa Septemba, sasa we uko Shangani hapa Mtwara hizo tiketi utazifanyia nini? Afu usichanganyikiwe na majina, Film Society ndo hiyo hiyo Film at Lincoln Center, walibadili jina 2019. Mi najua kwa sababu dada yangu anakaa huko na alikuwa mwanachama, anaenda sinema kila wiki ndo inamlipa. Ila kama unapenda muvi kweli, hiyo hela panda basi uende Dar uvuke na boti Zanzibar wakati wa ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, utaziona filamu usiku pale Ngome Kongwe, watengenezaji wenyewe wapo unawauliza maswali uso kwa uso. Tarehe angalia kwanza, zinabadilika mwaka hadi mwaka.