Vitz, trela ndogo na magunia kumi ya mahindi

Ndugu yangu, umeuliza kama Vitz yako yenye injini ya lita 1 na gia otomatiki itaweza kuvuta trela ndogo yenye magunia kumi ya mahindi, ya kilo 50 kila moja, kutoka shambani kwako kwenye barabara ya Kasenga hadi hapa Lubumbashi. Umeongeza kwamba fundi wako amekuhakikishia kuwa injini ya Japani haishindwi na mzigo. Nimevuta trela kwa Corolla ya lita 1.5 kwa misimu minne ya mavuno, na fundi wako hakukosea hata kidogo: kuvuta itavuta. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, kwa hiyo injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa uhaba wa hewa, lakini hata hivyo, kwenye barabara iliyo tambarare, utaondoka na magunia yako kumi bila shida yoyote. Shida itakungoja mbele, pale utakapotaka kusimama.

Nikueleze yaliyonipata mimi. Trela yangu niliinunua kwa mtu aliyeileta kupitia Zambia. Ilitengenezwa Afrika Kusini, haina breki zake yenyewe, na ikiwa tupu ina kilo 180. Msimu wa kwanza niliipakia magunia manane, nikayasukuma yote nyuma kabisa ili nipate nafasi ya kuweka bidoni na majembe kwa mbele. Tulipoanza kushuka kuelekea daraja dogo, mama watoto akiwa pembeni yangu, lori lilitupita kwa kasi na upepo wake ukaipiga trela ubavuni. Trela ikaanza kuyumba, kushoto na kulia, kila mara kwa upana zaidi, nami nikafanya kile ambacho kila dereva hukifanya kwa woga: nikakanyaga breki kwa nguvu. Gari likapunguza mwendo, trela haikupunguza, ikaisukuma sehemu ya nyuma ya gari mpaka tukajikuta tumekaa mshazari kwenye nyasi. Magunia mawili yalipasuka. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo ninamshukuru Mungu hadi leo.

Aliyekuja kutusaidia alikuwa mzee mmoja aliyeendesha malori kwa miaka mingi kati ya Lubumbashi na Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Aliifungua trela kutoka kwenye gari, akaushika mkono wake wa mbele, akaunyanyua kwa vidole viwili, kisha akacheka. «Mdogo wangu,» akasema, «pua ya hii iko hewani. Ulikuwa unaburuta mkia wa mamba.»

Tangu siku hiyo, jambo la kwanza ninalolipima kabla ya kuondoka ni uzito wa pua, yaani ule uzito ambao trela inaukalisha juu ya tufe la chuma lililofungwa nyuma ya gari. Mzigo ukiwa nyuma ya ekseli ya trela, pua hulinyanyua gari, na trela huwa kama bembea isiyoshikwa. Mzigo ukiwa mbele kidogo ya ekseli, trela hutulia na kufuata. Watengenezaji wa Ulaya hupendekeza kwamba pua ibebe karibu asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote wa trela pamoja na mzigo wake. Wamarekani, ambao trela zao na magari yao ni ya aina nyingine, huenda hadi asilimia 10 na 15. Kwa gari dogo mimi hubaki kwenye asilimia 7 hivi. Trela yangu ikiwa na kilo 480 kwa jumla, pua inatakiwa kuwa na kilo 34.

Unaweza kuipima kwa mizani ya bafuni, ukiweka kipande cha mti juu yake ili pua ikae kwenye kimo kile kile cha tufe, trela ikiwa kwenye ardhi iliyo sawa. Kama huna mizani, tumia njia yangu ya shambani: bidoni ya lita 20 iliyojaa maji ina kilo 20 na kidogo. Nyanyua bidoni moja, kisha nyanyua pua ya trela. Pua ikiwa nyepesi kuliko bidoni moja, sogeza gunia mbele. Ikiwa nzito kuliko bidoni mbili, rudisha gunia nyuma. Mikono yako itajifunza haraka kuliko unavyofikiri.

Usidhani kwamba kuongeza uzito wa pua bila mpaka ndiko usalama wenyewe. Tufe liko karibu mita moja nyuma ya magurudumu ya nyuma ya gari, kwa hiyo kila kilo inayokalia hapo huyanyanyua kidogo magurudumu ya mbele, nayo katika Vitz na Corolla ndiyo yanayovuta na kuelekeza. Mwezi wa Novemba, mvua ikishaanza na udongo mwekundu kugeuka sabuni, utayaona magurudumu hayo yakizunguka bure. Ndiyo maana buti langu huwa tupu ninapovuta trela.

Sasa tuje kwenye idadi ya magunia. Ulaya na hata Afrika Kusini, trela isiyo na breki hairuhusiwi kuzidi kilo 750, na tena haitakiwi kuzidi nusu ya uzito wa gari linaloivuta. Sababu yake inaeleweka bila hesabu nyingi: breki zote za msafara huo ni zile nne za gari, ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya mzigo unaozisukuma kutoka nyuma. Chukua cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani, ambacho bila shaka unacho kwenye karatasi zako, na utakuta uzito wa gari umeandikwa kwa kilo. Tuseme Vitz yako ina kilo 950. Nusu yake ni 475. Toa uzito wa trela tupu, tuseme 180 kama yangu, unabaki na 295. Hayo ni magunia matano, na bidoni mbili za maji kama una kiu. Magunia yako kumi yangeifanya trela kuwa na kilo 680, yaani zaidi ya theluthi mbili ya gari lenyewe. Mimi nilikuwa na 580 nyuma ya gari la kilo 1,050, na umeshasoma nilikoishia.

Kuhusu kifaa cha kuvutia, ambacho mafundi wetu wengi hukiita kwa Kifaransa, atelaji, kuwa mkali. Cha kwanza nilichofungiwa kilichomelewa kwenye bati la nyuma chini ya bampa, na baada ya miezi mitatu nikaona ufa unaozunguka mahali kilipochomelewa. Kifaa hicho kinatakiwa kushikwa kwa bolti kwenye zile mbavu nene za chini ya sakafu ya buti, pande zote mbili, na kwa ndani ya bati pawekwe vipande vya chuma ili bolti zisilipasue. Tufe lenyewe lipime. Trela za Afrika Kusini nyingi zina kikombe, yaani kile kinacholifunika na kulishika tufe, cha tufe la milimita 50. Madukani huuzwa pia matufe ya vipimo vya Kimarekani: la inchi 2, ambalo ni milimita 50.8 na hukifanya kikombe kisifunge vizuri, na dogo zaidi la milimita 47.6, ambalo hufunga kwa ulaini wa kupendeza na kisha kuchomoka kwenye shimo la kwanza kubwa. Kwa sababu hiyo hiyo funga minyororo miwili na uipishanishe kama msalaba chini ya pua, ili ikichomoka ikae juu ya minyororo badala ya kuchimba barabara.

Taa hazihitaji maneno mengi. Trela huficha taa za nyuma za gari, kwa hiyo ni lazima iwe na zake, na taa zikianza kufanya vituko, yaani ukiwasha indiketa na taa za breki zikapepesa pamoja nayo, anza kuuchunguza waya wa arthi, ambao katika plagi ya pini saba kwa kawaida ni mweupe.

Matairi ya trela huchakaa kwa umri kabla ya kuchakaa kwa kilomita. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 1419 ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Yangu yaliandikwa 0811, na muuzaji aliniapia kuwa ni mapya! Baada ya kilomita 20 za kwanza simama, gusa katikati ya kila gurudumu la trela kwa nyuma ya kiganja. Likiwa vuguvugu ni sawa. Likikuunguza, beringi zake zinaomba grisi au zimeshakufa.

Barabarani mimi sizidi kilomita 60 kwa saa nikiwa na mzigo. Trela ikianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta polepole, shika usukani ukiwa umenyooka, usishindane nayo na usikanyage breki ghafla. Kwenye mteremko punguza mwendo kabla ya kuanza kushuka, sio katikati yake. Kama mpini wako wa gia una kitufe kilichoandikwa O/D (overdrive, yaani gia ya juu kabisa ya mwendo wa kasi), kizime muda wote unaovuta ili gia zisiruke huku na huku na kupasha mafuta yake moto. Kama gari lako ni la CVT, ambalo halina gia za kubadilishana, litendee kwa huruma zaidi kwenye vilima virefu na lipumzishe. Kulipita gari jingine, kwa sisi wenye usukani wa kulia kwenye nchi inayoendesha upande wa kulia, ni kamari hata bila trela. Ukiwa nayo, kaa nyuma ya lori na uvumilie vumbi lake.

Umetaja pia kwamba baada ya mahindi unataka kubeba makala, yaani mkaa. Makala ni mepesi, lakini watu huyapanga hadi yafike juu ya paa la gari, na hapo upepo wa lori moja tu unatosha kukuonyesha nilichokiona mimi. Usipite kimo cha kioo cha nyuma.

Kwa hiyo, magunia matano, safari mbili. Na fundi akimaliza kufunga kifaa hicho, piga picha ya chini ya buti uiweke hapa kabla hujapakia gunia la kwanza, nami nitaitazama.