Wafuasi Elfu Kumi na Nne, Sina Namba ya Hata Mmoja

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mwanza aliniandikia: "Dada, nimeacha kazi, nataka kuuza vitenge mtandaoni kama wewe. Nianzie wapi?" Nilimjibu kwa ufupi, halafu usiku nikaona hapana, nieleze yote, maana wengi mnaniona nilipofika na hamjui nilipopita.

Mwaka 2017 nilianza na doti 12 za vitenge kwenye baraza ya mama, Mbagala. Fremu Kariakoo nisingeiweza, kodi ya miezi sita kwa mkupuo ningeitoa wapi? Nikapiga picha kwenye mwanga wa mchana, nikaandika bei wazi (habari za "njoo inboksi" ziacheni jamani, zinafukuza wateja), nikaweka "tunatuma mikoani". Miaka mitano baadaye nilikuwa na wafuasi 14,000. Mzigo wangu ulipanda basi la Kigoma na la Mtwara, na doti sita zilifika Muscat. Mtandao ndio ulionipa hayo, na naushukuru.

Kisha ikaja Ramadhani ya 2022. Siku tisa kabla ya Idi nimechuchumaa napima kitambaa, simu ikaita. Kaka mwenye sauti ya upole akasema anatoka makao makuu ya mtandao, wananipa alama ya bluu ya kuthibitisha kwamba ukurasa ni wangu kweli, nimsomee tarakimu sita zilizoingia kwenye meseji. Nikamsomea, futi bado iko mkononi. Kufika futari nimeshatolewa kwenye ukurasa wangu, na jina langu linatangaza "weka laki mbili upate milioni".

Mama mmoja wa Tabata, mteja wangu tangu mwanzo, aliweka. Alituma na ya kutolea. Alipokuja hakupiga kelele, alinionyesha tu meseji ya muamala. Nilimlipa kidogo kidogo kwa miezi minne, na hajanunua tena kwangu mpaka leo. Hilo linaniuma kuliko ukurasa wenyewe, ambao sikuupata tena.

Nilitaka kuwaonya wengine, nikashindwa. Wateja wa miaka mitano nilikuwa nawajua kwa majina ya mtandaoni tu! Kwa hiyo ndugu zangu, andikeni namba za wateja. Ukurasa una wenyewe, wewe ni mpangaji. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima dunia nzima kwa takriban saa sita, kwetu ikiwa jioni, na hakuna mfanyabiashara aliyeulizwa kama ana oda. Washeni ulinzi wa hatua mbili (nywila peke yake haitoshi kuingia, mpaka na tarakimu za siri), msimsomee mtu tarakimu za meseji hata akiwa na sauti ya malaika, na andikeni namba za wateja.

Na serikali nayo isikie. Napenda kwamba tangazo la kukatika umeme linanifikia simuni kabla sijawasha pasi. Lakini Mei 2025 ukurasa wa Jeshi la Polisi kwenye X ulidukuliwa, ukatangaza uongo kwamba Rais amefariki. Baada ya hapo X ikazuiwa nchini, na waliokuwa wakitafuta wateja huko wakaumia kwa kosa lisilo lao. Ikiwa polisi wanaingiliwa, ofisi ya kata itapona wapi? Halmashauri inayotangaza mtandaoni peke yake mikopo ya asilimia 10 (ile inayotengwa kwenye mapato yake kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu) inamwacha mama wa genge mwenye simu ya kitochi, ambaye ndiye mkopo ulimlenga. Bandikeni kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, semeni redioni, mtumeni mjumbe apite nyumba kwa nyumba. Kiongozi anayejibu maoni mtandaoni huku foleni imejaa nje ya mlango wake hajawafikia wananchi.

Dada wa Mwanza, fungua ukurasa leo, usingoje mtaji ukue. Ukitoka kununua bando, pitia dukani uchukue na daftari la kurasa 200, lenye jalada gumu. Langu la sasa ni la tatu, na ukurasa wa kwanza nimeandika namba ya mama wa Tabata.