Roki na Kigiriki chumba kimoja

SWALI: Niko mwaka wa kwanza seminarini. Nasoma Kigiriki cha Agano Jipya huku nasikiliza roki, lakini maneno hayakai kichwani. Mwenzangu anasema muziki huo unaua wito. Niuache?

JIBU: Wito wako hauko hatarini kwa sababu ya gitaa, ndugu yetu. Kigiriki ndicho kilicho hatarini. Maneno ya wimbo na maneno unayokariri hugombea kumbukumbu ileile, na wimbo unaoujua hushinda. Kariri kimya: maneno 10 kwa siku, ukiyatamka kwa sauti, kisha uyarudie kesho yake, baada ya siku 3 na baada ya wiki. Anza na yale yapatayo 310 yanayotokea mara 50 au zaidi. Hayo pekee hubeba karibu asilimia 80 ya maandishi ya Agano Jipya. Vitenzi vitakusumbua zaidi, kwa hiyo andika jedwali la minyambuliko kwa mkono, bila kunakili.

Roki iwe ya mapumziko, au isiyo na maneno unaponakili notisi. Angalia na sauti: desibeli 85 huvumilika saa 8, lakini kila ongezeko la 3 hupunguza muda huo nusu, hivyo 100 ni dakika 15 tu.

Kuhusu imani, soma mashairi ya nyimbo zenyewe. Yapo ya hovyo, na yapo yanayolia kama Zaburi ya 88. Ukiona wimbo unakufuata hadi kwenye sala, mweleze mlezi wako wa kiroho waziwazi.