Kuku wa mboga asiyejaa maji

Dada, hapo uliposema kuku wako na mboga huishia kuelea kwenye maji, nadhani unavitia vyote kwa pamoja. Karai likijaa, moto unazidiwa, basi vinachemka badala ya kukaangika.

Kidari nusu kilo kinatosha watu wanne. Kikate vipande vyembamba kama kidole, ukifute maji kabisa, kisha upake kijiko kimoja cha sosi ya soya. Pasha karai tupu kwanza, ndipo utie mafuta vijiko viwili. Weka nusu ya kuku, usimguse kwa dakika nzima (hapa ndipo wengi tunashindwa, mkono unawasha!), geuza hadi ndani pawe peupe, toa. Fanya vivyo hivyo kwa nusu iliyobaki.

Sasa karoti dakika mbili, halafu hoho na kabichi, ziwe bado ngumungumu. Kitunguu saumu na tangawizi mwishoni, nusu dakika tu, vikiungua ni vichungu. Rudisha kuku, kamulia ndimu. Chumvi onja kwanza, soya inayo tayari. Mimi huwa siongezi.