Maswali ya Wasomaji: Presha, Pumzi na Hesabu za Dozi

Waliotuandikia safari hii ni wanafunzi wanaofikiria kusomea udaktari na uuguzi.

Swali: Shikamoo daktari. Katika klabu yetu ya afya tulimpima mtu mmoja presha kwa mashine ya mshale. Mimi nilipata 137/85, mwenzangu akapata 122/78, muda mfupi tu baadaye. Nani alikosea?

Jibu: Marahaba. Tuanze na hiyo 137. Mashine ya mshale ina alama kila baada ya milimita 2 za zebaki, kizio cha kupimia presha, kwa hiyo namba witiri kama 137 au 85 haisomeki pale, umeikadiria. Hilo ni dogo. Tofauti ya milimita 15 ina chanzo kingine, na mara nyingi chanzo hicho huanza kabla mkanda haujafungwa.

Mpimwaji akae ametulia dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, bila kupishanisha miguu. Kibofu kiwe kitupu, na asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya nusu saa iliyopita. Wakati wa kupima asiongee, nanyi msimwongeleshe. Mkono uegemezwe mezani, mkanda ukiwa usawa wa moyo, kwani mkono unaoning'inia hupandisha namba.

Halafu mkanda wenyewe. Mfuko wake wa hewa uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa presha kubwa ya uongo, na mtu anaweza kuanzishiwa dawa asizozihitaji. Ufungwe kwenye ngozi, si juu ya shati, ukingo wa chini ukiwa sentimita 2 au 3 juu ya mkunjo wa kiwiko.

Shika mapigo kwenye kifundo cha mkono, jaza hewa hadi yapotee, kisha ongeza milimita 30. Weka stethoskopu kwenye mkunjo wa kiwiko na uachie hewa milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Mdundo wa kwanza ndio namba ya juu. Sauti zinapopotea kabisa, hapo ndipo namba ya chini. Wanafunzi wengi huharibu hapa kwa haraka. Moyo unaopiga mara 60 kwa dakika hutoa mdundo mmoja kila sekunde, hivyo ukiachia milimita 10 kwa sekunde, mshale unashuka milimita 10 kabla hujasikia mdundo unaofuata. Pimeni mara mbili, mkipumzika dakika moja katikati, kisha mchukue wastani.

Swali: Kuhesabu pumzi nako kunahitaji kufundishwa?

Jibu: Kunahitaji, kwa sababu kunaonekana rahisi. Ukiona fomu za wodi nzima zimeandikwa 20, kuna uwezekano mkubwa kwamba hakuna aliyehesabu. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika, lakini akijua anahesabiwa hubadilisha bila kukusudia. Maliza kuhesabu mapigo, endelea kumshika kifundo cha mkono, na macho yahamie kifuani. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima: ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, kosa la pumzi moja linakuwa pumzi 4. Kwa mtoto mwenye kikohozi tofauti hiyo inaweza kubadili matibabu, maana Shirika la Afya Duniani linahesabu pumzi 50 na zaidi kuwa za haraka kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5. Asiwe analia wala kunyonya.

Swali: Hesabu napata alama za wastani. Uuguzi nitauweza?

Jibu: Hesabu za dozi ni kuzidisha na kugawanya tu. Mfano wa darasani: mtoto wa kilo 12, parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo, jumla miligramu 180. Dawa ya maji ina miligramu 120 katika mililita 5, yaani 24 kwa kila mililita. 180 gawanya kwa 24 ni mililita 7.5. Kabla ya kugawanya, kadiria: 180 ni mara moja na nusu ya 120, basi jibu liwe mara moja na nusu ya mililita 5. Ukipata 75, simama.

Hatari kubwa iko kwenye nukta. Andika 0.5, usiandike .5, andika 5, usiandike 5.0, kwani nukta isipoonekana dozi inakuwa mara 10. Na mikrogramu 1,000 ndizo miligramu 1.

Swali: Nikiona damu nazimia. Niachane na ndoto hii?

Jibu: Hapana. Mapigo hushuka ghafla, mishipa hutanuka, na ubongo hukosa damu ya kutosha kwa muda mfupi. Ukianza kutoka jasho baridi au kusikia kichefuchefu, kaza misuli ya mapaja, matako na mikono kwa sekunde 10 hadi 15, achia, rudia. Giza likishaanza machoni, lala chini na uinue miguu. Wengi huzoea wakikutana na damu kidogo kidogo. Lakini kama umewahi kuzimia ukiwa unakimbia au unafanya mazoezi, nenda ukapimwe moyo.