Kabla Kaseti za Wazee Hazijanyamaza: Ushauri kwa Wenye Sauti za Zamani Nyumbani

Thomas Edison alipounda mashine ya kwanza iliyoweza kunasa sauti na kuirudisha, huko Menlo Park, New Jersey, mwaka 1877, muziki haukuwa jambo la kwanza akilini mwake. Mwaka uliofuata aliandika makala katika jarida moja la Marekani akiorodhesha kazi ambazo mashine hiyo ingeweza kufanya, na ya kwanza ilikuwa kuandika barua bila karani. Baada yake vilifuata vitabu vya kusikilizwa na vipofu, mafunzo ya matamshi, kisha ndipo muziki, na karibu na muziki aliweka kumbukumbu ya familia: maneno na sauti za jamaa, hata maneno ya mwisho ya mtu aliye kitandani kufa. Ninaianza makala hii ya ushauri kwa orodha hiyo kwa sababu wengi wetu tunazo nyumbani barua na kumbukumbu za namna hiyohiyo, zimo katika kaseti zilizofungwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati, nazo zinaharibika.

Mashine yenyewe ilikuwa nyepesi kueleweka. Kiwambo chembamba kilitetemeka kwa sauti ya msemaji, na sindano iliyoshikamana nacho ikachora mfuo juu ya karatasi ya bati iliyoviringishwa kwenye mrija uliozungushwa kwa mkono. Sindano ilipopitishwa tena katika mfuo uleule, kiwambo kilitetemeka upya na maneno yakasikika. Bati lilichakaa baada ya kuchezwa mara chache tu, kwa hiyo miaka ya 1880 ilipokaribia kwisha lilichukuliwa nafasi yake na mirija ya nta. Nta ilikuwa na fadhila moja kubwa: aliyenunua mashine aliweza kujirekodi mwenyewe sebuleni, na akichoka na alichokirekodi, aliikwangua nta na kuanza tena.

Fadhila hiyo iliondolewa na santuri. Emile Berliner, aliyeanza kazi ya sahani bapa mwaka 1887, alipata njia ya kutoa nakala nyingi kutoka katika rekodi moja, na biashara ya muziki ikasimama juu ya njia hiyo. Lakini aliyenunua santuri hakuweza kuandika chochote juu yake, alinunua tu sauti ya mtu mwingine. Huku kwetu, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyejipatia jina mjini Unguja, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili, na sauti yake ikafika kwa watu wasiowahi kukaa naye baraza moja. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulibeba dakika 3 hivi, kwa hiyo wimbo uliokuwa ukirefushwa kadiri wasikilizaji walivyotaka ulilazimika kukatwa uingie humo. Nayo mirija ya nta ilifika kwetu mikononi mwa wageni: mwaka 1906 Karl Weule, mtafiti Mjerumani wa tamaduni, alizunguka nayo kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania, akinasa nyimbo za Wayao na Wamakonde, akazipeleka Ujerumani. Kwa miongo mingi, basi, mtu wa kawaida alikuwa msikilizaji tu.

Kilichomrudishia uwezo wa kurekodi ni kaseti, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Mjomba wangu alipokuwa akifanya kazi Muscat hakuwa mwandishi wa barua. Alikuwa akizungumza na redio kaseti yake usiku, akamwamkia bibi, akauliza mnazi wa nyuma ya nyumba umezaa au la, akamwagiza kila mtoto kwa jina, na kaseti ikaletwa Tanga na yeyote aliyekuwa akirudi. Bibi naye alijibu upande wa pili. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza katika orodha ya Edison, iliyochelewa karibu miaka 100.

Kaseti hizo ndizo nilizojifunzia kazi ya kuhamisha sauti, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usiichomeke kaseti ya zamani kwenye redio kabla ya kuitazama. Vunja kwanza vile vijino viwili vya plastiki vilivyo ukingoni nyuma, ili hata mtu akibonyeza kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya, kisifanye kazi. Kisha itazame dhidi ya mwanga: ukiona unga mweupe kwenye utepe, hiyo ni kuvu, jambo la kawaida katika joto na unyevu wa pwani, na kaseti hiyo usiicheze, kwa kuwa itachafua hedi, yaani kile kichwa cha sumaku kinachosoma utepe, na kuambukiza kaseti nyingine. Itenge, uipeleke kwa fundi mwenye uzoefu wa tepu. Chunguza pia kile kisponji kidogo kinachoukandamiza utepe kwenye hedi. Kikibanduka, sauti hufifia na watu hudhani rekodi imekufa, kumbe dawa yake ni kuuhamishia utepe katika ganda la kaseti nyingine iliyofungwa kwa skrubu. Hedi yenyewe isafishe kwa pamba na spiriti, uiache ikauke.

Spiriti hiyohiyo usiithubutu kwenye santuri za kale zinazovunjika kama kigae, kwa maana zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu unaoyeyuka katika spiriti. Brashi laini inatosha, na ziwekwe wima, zisilaliane.

Kwa kuhamisha, chukua waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi kwenye kompyuta, ufungue programu ya bure kama Audacity, uicheze kaseti yote mara moja bila kuikatiza. Hakuna njia ya mkato: kaseti ya dakika 60 huchukua dakika 60. Hifadhi nakala ya kwanza katika WAV, aina ya faili isiyopunguza chochote katika sauti, ingawa saa moja hula zaidi ya megabaiti 600, kisha tengeneza ya MP3, iliyobanwa ikawa ndogo, kwa ajili ya kuwatumia jamaa. Wengi hufanya ya MP3 peke yake, na mimi nadhani huo ni ubahili usio na maana kwa kitu ambacho huenda kisichezeke tena. Jina la faili liseme nani anazungumza, wapi na mwaka gani.

Kwa wazee walio hai, simu yako inatosha. Zima feni, funga mtandao, uiweke karibu na kinywa kuliko unavyodhani inahitajika, na useme tarehe na majina mwanzoni. Usimwambie mzee akusimulie maisha yake, kwa kuwa atakupa hotuba. Muulize nauli ya kwenda mjini alipokuwa kijana, au nani alikuwa fundi wa nguo zake za harusi. Akiwepo ndugu yake wa rika lake ni bora zaidi, kwani watabishana, na katika kubishana hutoka yale ambayo wewe usingejua kuyauliza.

Mwombe ruhusa kabla, na umuulize nani asisikilizishwe. Katika kaseti za zamani hutakosa kukuta deni lililofichwa, au maneno makali juu ya mkwe ambaye bado yu hai na watoto wake wamo katika kundi la familia kwenye simu. Mimi husikiliza kila upande hadi mwisho kabla ya kuusambaza, na sehemu za namna hiyo hubaki katika nakala ya WAV ambayo funguo zake anazo mama.